Nimemtoa kwenye vigodoro, sasa lebo inataka nisaini nimwachie

Shikamoo mama,

Nina miaka 34, nimeolewa, nina watoto wawili na naishi Mbagala. Jina langu naomba lisitoke, maana huku kwetu tunajuana wote, na huyu kijana ninayeandika habari zake sasa hivi anasikika kwenye kila bajaji.

Mimi ni meneja wa msanii wa singeli. Sikusomea. Nilikuwa keshia kwenye duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo. Mwaka 2020 kulikuwa na kigodoro, ile ngoma ya kukesha mtaani, mtaa wa pili, nikamkuta kijana ameshika maiki anatiririka hadi watu wanasahau kucheza. Wanamtunza noti za elfu elfu, mwenye muziki anazikusanya zote kwenye ndoo. Asubuhi akampa kijana elfu tano na soda. Hilo liliniuma, nikamtafuta siku hiyo hiyo.

Alikuwa na miaka 17, shule aliishia kidato cha pili. Mama yake anauza vitumbua. Alimshika mkono akaniambia, "Huyu ni mdogo wako, nakukabidhi." Tukaandikishana karatasi moja, tukaichapisha steshenari, tukasaini mbele ya mjumbe. Inasema mimi ni meneja wake kwa miaka 10 na kila kinachoingia nina asilimia 30.

Mama, hii kazi watu wanaiona ni kuvaa miwani na kukaa viti vya mbele. Nimezunguka redio na flashi mkononi naomba ngoma ipigwe japo mara moja. Kuna shoo ya Kahama, promota alitulipa nusu, nusu nyingine tulikubaliana ilipwe kabla msanii hajapanda. Saa saba usiku ananiambia watu hawajaingia. Nikaenda kukaa dirishani pa tiketi, nikahesabu vishina kimoja kimoja, nikavitia kwenye mfuko nikamfuata nyuma ya jukwaa. Kijana ameshavaa, ananiangalia mimi. Hakupanda mpaka hela ilipokamilika. Siku ile ndipo nilipojua hii kazi naiweza, nikaacha ukeshia.

Kila nilichotoa nimeandika kwenye kauntabuku: studio, video, viatu vya shoo, nauli, kodi ya chumba cha mama yake, ada ya dada yake. Jumla imefika milioni 14 na ushee. Ile asilimia 30 sijawahi kuichukua kamili, hela ikiingia inakwenda kwenye video inayofuata. Chaneli ya YouTube niliifungua mimi, kwa barua pepe yangu na namba yangu ya simu.

Mwaka jana ngoma yake moja imeshika. Sasa kuna lebo kubwa inamtaka. Nilisikia kwanza kwa watu. Halafu akaja mwenyewe usiku, peke yake, akala, akacheza na wanangu, ndipo akatoa bahasha. Ndani kuna barua ya kusaini mimi: naachia madai yote ya nyuma na ya mbele, nyimbo zote nazikabidhi, napewa milioni 10. Pia wanaweza kuniajiri kusimamia safari zake kwa laki sita kwa mwezi. Mwisho wa kusaini ni mwisho wa mwezi huu. Nikamuuliza, wewe unataka nini? Akajibu, "Dada, mimi nataka tu mambo yaende." Akaondoka.

Rafiki yangu aliye kwenye kazi hizi hizi ananiambia nibadilishe nywila, niripoti nyimbo zote zishushwe, atakuja mwenyewe kupiga magoti. Mume wangu anasema nisaini, tulipe VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, maana nadaiwa milioni 3, nirudi Kariakoo. Na mama yake kijana, yule aliyenikabidhi, amenitumia ujumbe: "Mwanangu, usimzibie mwenzako riziki." Huo ujumbe ndio umenitoa machozi.

Nisaini au nisisaini? Na hii kazi yenyewe, niendelee nayo au niachane nayo?

Meneja, Mbagala

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma, nikarudi tena pale Kahama, kwenye dirisha la tiketi. Wapo mameneja wenye ofisi Mikocheni ambao wasingefanya ulichofanya usiku ule. Nimeanza na hilo kwa sababu kwenye barua yako nzima hakuna mtu anayekuambia kwamba kazi umeifanya vizuri. Rafiki anakuambia upigane, mume anakuambia uondoke, mama wa kijana anakuambia upishe.

Nikikuelewa vizuri, umemlea msanii kwa miaka kadhaa, karatasi mlinayo ila ni nyepesi, hela yako imezama humo, na sasa kaja mwenye mfuko mkubwa anayetaka kukununua utoke, kwa bei na tarehe aliyoipanga yeye. Juu ya hayo unahisi umetupwa na watu uliowafanya ndugu. Ni mambo mawili hayo, na naona yote umeyaandika kwenye kauntabuku moja.

Tuanze na hilo daftari. Tafuta kalamu mbili za rangi tofauti. Moja itie alama studio, video, viatu vya shoo, nauli ya Kahama. Nyingine itie alama kodi ya mama yake, ada ya dada yake, na vyakula ulivyompikia ambavyo najua hukuviandika. Ya kwanza ni gharama za kazi, mtu anaweza kuzidai mezani bila aibu. Ya pili uliitoa kama dada. Sikuambii uisamehe, wala sikuambii uidai. Nataka tu ujue ukubwa wa kila moja kabla ya kuzungumza na mtu yeyote, kwa sababu ukiingia na milioni 14 nzima mwanasheria wa lebo atakuuliza ada ya shule inahusikaje na muziki, na hapo hata zile za video zitaonekana za kubabaisha.

Na kuna hesabu ya tatu ambayo hukuiandika kabisa: ujira wako. Gharama zikirudi zote, bado hujalipwa kwa kazi. Ile asilimia 30 uliyokuwa unairudisha kwenye video inayofuata ilikuwa mshahara wako. Mameneja wengi huko nje hufanya kazi kwa asilimia 15 hadi 20, kwa hiyo watakuambia 30 ni kubwa. Huenda ni kubwa kwa meneja anayepokea simu tu. Kwa aliyetoa mtaji wake mwenyewe ni mazungumzo mengine. Ila ukae ukijua wataigusa.

Sasa ile karatasi ya steshenari. Hapa nitakuambia jambo ambalo pengine hukulitarajia. Kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, anayeweza kufunga mkataba ni mtu mzima, na utu uzima kwetu unaanzia miaka 18. Kijana alisaini ana 17. Mjumbe alikuwepo, sawa, lakini mjumbe haongezi umri wa mtu. Mwanasheria wa upande wa pili akiliona hilo, karatasi yenu inaweza isisimame. Usikate tamaa mapema, maana sheria yetu inatambua pia makubaliano ya mdomo, na baada ya kijana kufikisha 18 mmeendelea kufanya kazi pamoja kwa masharti yale yale: meseji, risiti, shoo ulizosaini kama meneja wake, malipo yaliyopita kwenye simu yako. Hayo yana uzito wake. Yakusanye sasa, kabla simu haijaharibika. Kisha mpelekee wakili ayaone. Kama hela ya wakili haipo, kuna mashirika ya msaada wa kisheria Dar es Salaam yanayosikiliza bure. Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, nalo hupokea migogoro ya wasanii na mameneja na kuziita pande zote zikae. Watakuuliza kwanza kama umesajiliwa, kwa hiyo jiandae na jibu la hilo.

Ushauri wa rafiki yako naujua, na naujua utamu wake. Usiku mmoja tu, unabadilisha nywila, asubuhi wote wanakutafuta wewe. Lakini fuata mpaka mwisho. YouTube inahesabu maonyo ya hakimiliki. Chaneli ikipata matatu ndani ya siku 90 inaweza kufutwa pamoja na kila kilichomo. Chaneli hiyo ni yako pia, ndiyo ushahidi wa kazi yako na ndiyo inayoingiza senti. Halafu ukiripoti wimbo unatamka kwamba wewe ndiye mwenye haki. Je, ndiwe? Kuulipia studio ni jambo moja. Mashairi ni ya kijana, biti aliitengeneza prodyuza, na singeli kama unavyojua hukata vipande vya nyimbo za watu wengine. Kama hamkuandikiana nani ana nini, hata wewe hujui unamiliki kiasi gani. Ukitamka usichokuwa na hakika nacho, unawapa wao silaha.

Ila kuna tofauti kati ya kufunga chaneli na kutoikabidhi. Kuacha kila kitu kilivyo mpaka mazungumzo yaishe si ubaya. Nyimbo zisikike, nywila ibaki kwako, na uwaandikie hivyo waziwazi ili mtu asije akasema umeteka mali. Rafiki yako huenda hakuiona njia hiyo kwa sababu ana hasira kwa niaba yako. Marafiki wa hivyo ni wazuri, ila kusaini hawatakusaidia.

Nije kwa kijana. Umeandika kana kwamba ameshakukana. Mimi ninachokiona ni mtu aliyekuja mwenyewe, peke yake, usiku, akala kwako na kucheza na watoto wako kabla ya kutoa bahasha. Lebo ingeweza kumtuma wakili, au dereva. "Nataka tu mambo yaende" linaweza kuwa jibu la mtu asiyejali. Linaweza pia kuwa jibu la kijana aliyeambiwa na wakubwa kwamba dada yako ndiye kikwazo, akabeba barua ambayo hata yeye hajaisoma yote. Sijui ni lipi. Nawe hujui, kwa sababu mlizungumza kwa sentensi mbili. Kabla ya milioni 10 na kabla ya wakili, kuna mazungumzo ya saa nzima ambayo hamjayafanya.

Na kwenye mazungumzo hayo kuna swali moja ambalo ningelitanguliza: mkataba wake na hiyo lebo unasemaje? Wa miaka mingapi, nyimbo ngapi, masta, yaani rekodi zenyewe za nyimbo, zinabaki kwa nani, na akitaka kutoka analipa nini? Hii haimhusu yeye peke yake. Harmonize alipoondoka WCB, lebo ya Diamond Platnumz, mwaka 2019, yeye mwenyewe alisema hadharani kwamba kutoka kulimgharimu shilingi milioni 500. Yule alikuwa msanii mkubwa tayari. Sisemi lebo zote ni mtego; zimewafikisha watu ambako meneja wa Mbagala mwenye deni la VICOBA asingeweza kuwafikisha, na hilo nalo ukubali. Ila kijana aliyeishia kidato cha pili anasaini karatasi ndefu, na mtu pekee upande wake aliyewahi kuhesabu vishina vya tiketi ni wewe. Akiwa na wakili wake mwenyewe, asiye wa lebo wala wako, hata wewe utakuwa salama zaidi, maana makubaliano yenu hayatakuja kuvunjwa kesho kwa kusema hakuelewa.

Kuhusu barua yenyewe, naona wamekupa milango miwili tu, kusaini au kukataa. Ipo mingine. Unaweza kuomba gharama za kazi zirudi kamili kama malipo ya kwanza, tofauti kabisa na fidia. Unaweza kuomba asilimia kwenye nyimbo mlizotoa pamoja tu, kwa miaka michache, ikishuka kila mwaka hadi iishe. Mameneja wengi duniani huachana na wasanii wao hivyo na hakuna anayeona ajabu. Unaweza kukubali kuachia ya mbele na kubaki na ya nyuma. Kila ombi lina hatari yake: ukiomba mengi wanaweza kukuchoka wakamsubiri tu, ukiomba kidogo utakuja kuusikia ule wimbo kwenye bajaji na kuumia. Na wakikuahidi asilimia, iwe imeandikwa nani atakuonyesha hesabu na kila baada ya muda gani. Asilimia ya hesabu usiyoiona haina maana yoyote.

Ile ajira ya laki sita, ipime kwa utulivu. Inalipa VICOBA taratibu, na utajifunza lebo inavyofanya kazi kwa ndani, jambo ambalo pesa hainunui. Ila ujiulize utakaa vipi kwenye basi moja na msanii uliyekuwa ukimwambia panda au usipande, sasa wewe ndiye unayeagizwa maji. Wengine wanaliweza hilo, wengine linawala. Kama utaitazama, omba mkataba wa kazi ukiwa na majukumu yaliyoandikwa, na isiwe sehemu ya barua ile ile ya kuachia madai. Hivi walivyoviweka pamoja, ajira inafanya kazi ya kupunguza bei.

Mume wako usimweke kundi la wapinzani. Amekuona ukiondoka usiku kwa miaka, amelala na watoto, ameulizwa maswali na ndugu zake ambayo pengine hakukuambia. Uchovu wake ni wa kweli. Muulize anachokichoka hasa ni nini: ni muziki, ni deni, au ni kutokujua lini mwisho? Majibu hayo matatu yana dawa tatu tofauti. Na deni la VICOBA lizungumze na kikundi kabla halijafika siku yake, uombe kupangiwa upya. Milioni 3 zisije zikawa ndizo zinazoshika kalamu siku ya kusaini.

Mama yake kijana. Najua ujumbe ule umechoma. Naye ni mama muuza vitumbua aliyeambiwa mwanawe anakaribia kupata hela ambayo hajawahi kuiona, ila kuna mtu hajasaini. Nani alimwambia, na alimwambiaje? Nenda ukamwone, usipige simu. Nenda bila daftari.

Umeniuliza pia kama uendelee na kazi hii. Swali hili umelitupa mwishoni kwa mstari mmoja, na mimi nadhani ndilo kubwa. Unaipenda kazi ya umeneja, au unampenda huyu mdogo wako? Vyote vinawezekana, lakini kila kimoja kina njia yake. Huko huko kwenu Temeke kuna meneja Said Fella, anayejulikana kama Mkubwa Fella. Msanii Juma Nature aliondoka kwenye kundi lake, TMK Wanaume Family, akaanzisha Wanaume Halisi, Fella akabaki na waliobaki. Baadaye akalea vijana wa Yamoto Band, nao wakatawanyika kila mmoja na njia yake, Mbosso akaenda WCB, ambako Fella huyo huyo alikuwa miongoni mwa mameneja. Kuondokewa na msanii, kwenye kazi hii, ni sehemu ya kazi. Namtaja nikijua pia kwamba wapo wengi walioondokewa na mmoja tu wakaishia hapo, na majina yao hatuyajui. Kwa hiyo usimchukue kama ahadi.

Chukua jioni moja uandike ulichonacho ambacho hakiondoki na kijana: namba za mapromota wa Kahama na kwingine, watangazaji wanaokupokea simu, prodyuza anayekukopesha saa za studio, na sifa yako kwamba msanii wako hapandi bila kulipwa. Ukimaliza kuandika, jisikilize. Kama unajikuta umeshaanza kufikiria kijana mwingine uliyemsikia mahali, hilo ni jibu la aina moja. Kama unachokiona ni usingizi na mshahara wa kila mwezi, nalo ni jibu, wala halina aibu. Ukeshia ni kazi.

Kuhusu mwisho wa mwezi: tarehe hiyo wameiweka wao. Kama hukusaini kokote kwamba unaikubali, unaweza kuwajibu kwa maandishi, kwa adabu, kwamba barua umeipokea, unaipeleka kwa mwanasheria na unaomba wiki mbili. Huenda wakakataa, huenda wakasema ofa inakufa. Wewe ndiye utakayepima kama unaweza kuubeba uwezekano huo. Wakikupa hizo wiki mbili, anza na kijana. Mwite aje tena kula, na mwambie aje na mkataba wake.